Ramani Iliyochorwa na Homa

Katika mwaka wa pili wa utumishi wangu hapa Nguvumali, masika yakiwa yamekolea, niliandika barua ya kuomba uhamisho. Ilikuwa ya ukurasa mmoja. Nilimshukuru Mungu kwa neema ya kuwatumikia washarika wa pwani, nikaeleza kwamba afya ya familia yangu, hasa ya kijana wetu mdogo, haipatani na hali ya hewa ya eneo hili, nikaomba kurudishwa milimani kwa kazi yoyote ambayo viongozi wangu wangeona inanifaa. Nikatia sahihi. Kisha nikaifungia kwenye droo ya meza pamoja na stakabadhi za sadaka, nikisema nitaipeleka Jumatatu.

Nieleze kwanza kilichotokea. Mtoto alikuwa na miaka minne. Jioni moja alikataa chakula, akasema kichwa kinamuuma. Mama yake alimgusa paji la uso akasema ana homa, twende tukampime. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye kikao kirefu cha wazee wa kanisa, nimechoka, mvua inanyesha, nikasema tusubiri asubuhi. Saa nane usiku degedege likamshika. Nimezika watoto wa watu wengi katika utumishi wangu. Nimesimama makaburini nikawaambia wazazi maneno ya faraja, nikiamini kila neno. Usiku ule, nikiwa nimemshika mwanangu amekakamaa mikononi, sikukumbuka andiko hata moja.

Jirani yetu wa upande wa kushoto ni bibi wa Kidigo, mjane, ambaye tangu siku ya kwanza tumemwita Bibi tu. Alisikia kelele akaingia na kanga zake mbili bila kubisha hodi. "Mlaze kwa ubavu, baba. Usimtie kijiko mdomoni," aliniambia, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyaona hayo. Akampeleka mjukuu wake barabarani kutafuta bajaji, mvuani, akiwa peku. Hospitali wakasema malaria imepanda kichwani na damu imepungua sana. Alichomwa sindano za artesunate, akaongezewa damu. Tulipoambiwa tutafute watu wa kurudishia damu ile, walikuja vijana wawili wa kwaya, na wa tatu akawa mjukuu yule wa Bibi, ametoka msikitini na kofia yake kichwani.

Siku ya nne tulirudi nyumbani. Siku ya sita niliandika barua.

Mimi ni Msambaa wa Mlalo. Nimekulia mahali ambapo mwezi wa saba mtoto huenda shule amejifunga shuka juu ya sweta, na ukungu hauondoki bondeni mpaka saa nne. Bibi yangu mzaa baba alikuwa na sheria moja kuhusu nyika, yaani nchi yote iliyo chini ya milima: shuka ulime, vuna, lakini usichwelewe huko. Baadaye nilisoma kwamba huo ulikuwa mpango wa zamani wa Wasambaa. Walipenda kujenga vijiji karibu na ukingo wa mlima ili wafikie mashamba ya juu na ya chini, lakini wakalala juu. Hawakumjua mbu kuwa ndiye mchukuzi wa homa. Walijua tu kwamba homa inakaa nyika, na kwamba anayelala nyika hulala nayo. Hawakukosea.

Basi nilipopangiwa Nguvumali nilishuka na mafundisho ya Bibi yangu kichwani. Kila kitu kilinithibitishia. Joho na kola vikawa adhabu. Kabla sijafika katikati ya mahubiri shati limenigandia mgongoni. Hewa ya chumvi ikala bawaba za milango. Masika maji yalisimama uani kama yamekodi. Nilikuwa nikiwaambia washarika wangu, kwa utani ambao haukuwa utani, kwamba mimi nipo hapa kwa viza.

Wiki ile niliyoandika barua nilikuwa na zamu ya kuwafundisha watoto wa kipaimara historia ya kanisa letu. Nikatoa madaftari yangu ya chuo cha theolojia, yaliyokwisha kuanza kuliwa na mende, nikaanza kuandaa somo. Nilianza kama tunavyoanza wote, na Krapf.

Johann Ludwig Krapf alikuwa Mlutheri wa kusini mwa Ujerumani aliyetumwa na Waanglikana wa Uingereza. Alifika Mombasa mwaka 1844 na mkewe Rosine. Mwezi wa saba wa mwaka uleule Rosine alijifungua, akafa kwa homa, na mtoto mchanga akamfuata baada ya siku chache. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa kitandani. Tunawasimulia watoto wa kipaimara kisa hiki kama mfano wa ujasiri, nami nimekisimulia mara nyingi hivyo. Safari hii sikuweza. Nilimwona baba aliyelala na homa huku akisikia nyumba nzima inanyamaza. Miaka minne baadaye, 1848, alipanda Usambara, akapokelewa na Mfalme Kimweri ye Nyumbai, akaona nchi ya baridi, migomba na maji yanayotiririka. Nani angemlaumu kwa kuipenda?

Wakati huo hakuna aliyejua homa inatoka wapi. Neno malaria lenyewe ni la Kiitaliano, maana yake hewa mbaya. Wazungu waliamini kwamba hewa ya pwani, mvuke wa vinamasi na uozo wa mikoko, ndiyo inayoua. Ronald Ross aligundua vimelea ndani ya mbu mwaka 1897 tu, kule India. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka kuishi alikuwa na dawa mbili: kwinini na kupanda mlima.

Nao walipanda. Misheni iliyokuja kuitwa ya Betheli ilifungua kituo hapa Tanga mwaka 1890. Mwaka uliofuata, 1891, wamisionari Ernst Johanssen na Paul Wohlrab walikuwa tayari Mlalo, kwetu, mahali walipopaita Hohenfriedeberg. Kisha ikaja Vuga, ikaja Lutindi mwaka 1896, ikaja Bumbuli. Serikali ya Kijerumani nayo ikafanya vivyo hivyo: Lushoto ikaitwa Wilhelmstal kwa jina la Kaisari, walowezi wakagawiwa ardhi, nyumba zikajengwa na dohani za moshi. Ukitembea leo sehemu za kule juu utaziona bado. Mjerumani aliyechoka na joto la Tanga alipanda siku kadhaa akajikuta karibu na kwao.

Sababu za misheni kwenda milimani zilikuwa zaidi ya moja, na nisiwaonee waliotuletea Injili. Huku pwani Uislamu ulikuwa na mizizi ya karne nyingi. Tena vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vilikuwa vimetoka kupita tu, na Mdigo wa mwaka 1890 alikuwa na haki ya kutotofautisha Mjerumani mwenye Biblia na Mjerumani mwenye mzinga. Yote hayo ni kweli. Lakini katika daftari langu, kwa mwandiko wangu wa ujana, sababu ya kwanza niliyoorodhesha ilikuwa maneno matatu yaleyale yaliyokuwa kwenye droo: hali ya hewa.

Nikaweka kalamu chini. Tazama ramani ya Walutheri kaskazini mwa nchi hii. Usambara, Upare, Kilimanjaro, Meru. Mtu asiyejua angedhani Roho Mtakatifu huvutwa na baridi. Kanisa letu la hapa, kabla ya kuungana na mengine sita mwaka 1963 kuwa KKKT, liliitwa Kanisa la Usambara-Digo. Makao makuu ya dayosisi yako Lushoto, na huko sharika zimesongamana kama mashamba ya chai. Upande wa Digo wa jina lile tuko wachache, na wengi wetu si Wadigo. Homa ndiyo iliyoichora sehemu kubwa ya ramani hiyo, na mimi nilikuwa nimeandika barua ya kuongezea mstari wangu.

Hapo ningeweza kuishia na kuanza kujilaumu. Lakini somo la kipaimara lilikuwa halijaisha, na nchi hii ina jambo lingine la kutufundisha kuhusu kuichagua ardhi kwa macho.

Siku isiyo na mawingu, ukitazama magharibi kutoka Tanga, utaiona Usambara ya Mashariki imesimama kama ukuta wa bluu. Pepo za bahari zenye unyevu zinapoufikia ukuta huo hupanda, hupoa na kugeuka mvua. Tanga hupata kama milimita 1,300 kwa mwaka. Amani, iliyo mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari, hupata karibu 2,000. Ukivuka mpaka nyuma ya milima, Mkomazi, mvua haifiki nusu ya ile ya Tanga. Na kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua nyuzi 6 hivi. Ndiyo siri ya afya ya milima: kimelea cha malaria kinahitaji joto ili kikomae ndani ya mbu, na hewa ikishuka chini ya nyuzi 16 hadi 18 hivi, hakimalizi. Bibi yangu alikuwa na sayansi yake.

Miaka ya 1890 kampuni za Kijerumani zilitazama ukuta ule wa bluu zikaona msitu wenye miti ya mita 40 na zaidi, zikasema mahali panapoota miti hivi, kahawa itafanyaje? Zikakata msitu juu ya Muheza, Derema na Ngwelo na kwingineko. Mwaka 1893 reli ilianza kujengwa kutoka bandari ya Tanga kwenda kuifuata kahawa hiyo, ikafika Muheza mwaka 1896. Kahawa ilistawi miaka michache. Kisha ikanyong'onyea.

Udongo ule ni mwekundu, mzee, umeoshwa na mvua kwa miaka isiyohesabika. Rutuba haikuwa ardhini. Ilikuwa juu, katika miti yenyewe: jani linaanguka, linaoza, mizizi iliyo karibu juu inalinyonya kabla mvua haijaliosha, linarudi kuwa jani. Msitu unakula mikono yake mwenyewe, na unashiba. Ukiukata na kuuchoma umechoma ghala pamoja na chakula. Mjerumani alijenga kituo cha utafiti wa mimea na kilimo pale Amani mwaka 1902, walowezi wengi wakiwa tayari wanahesabu hasara. Miaka ya 1930, chini ya Waingereza, mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne alifanya kazi palepale akaueleza udongo huo kitaalamu. Wenyeji hawakuwa na haja ya maelezo. Hawakuwa wamelima msitu ule kwa jinsi ile.

Hili si kosa la Wajerumani peke yao. Waingereza waliojenga Jamestown, Marekani, mwaka 1607, walikuwa na hesabu yao: nchi ile iko mbali na ikweta sawasawa na kusini mwa Hispania, basi itatoa divai, hariri na mizeituni. Hawakujua kwamba umbali kutoka ikweta hautoshi kuijua hali ya hewa. Wakajenga kwenye kinamasi kando ya mto wenye maji ya chumvichumvi, kwa kuwa mahali pale palifaa kwa ulinzi. Pete za miti ya kale zimewaonyesha wanasayansi kwamba walifika katika ukame mkali ulioanza 1606 na kuendelea hadi 1612. Katika majira ya baridi ya 1609 na 1610 wengi wao walikufa kwa njaa, katika nchi ambayo wenyeji wake walikuwa wakiishi.

Na kabla ya hao wote yuko Lutu. Mwanzo sura ya 13 inasimulia jinsi Abramu alivyompa mpwa wake nafasi ya kuchagua kwanza, na Lutu akatazama bonde la Yordani, akaliona lina maji tele kila mahali, akachagua. Mwandishi wa Mwanzo hamshutumu. Anataja tu, kama mtu anayepita, majina ya miji iliyokuwa bondeni. Nimehubiri kisa hicho nikikilenga kwa watu wanaokimbilia fedha. Sikuwahi kujiuliza kama mtu anaweza kuwa Lutu kwa kuchagua mlima.

Turudi kwenye nyika, ile isiyotakiwa. Mwaka uleule wa 1893 ambao reli ilianza, Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Asili yake ni Yucatan, Mexico. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Sitini na mbili! Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mkonge haukutaka msitu wala ukungu. Ulitaka jua, na nchi ya chini ambayo wenye kahawa walikuwa wakiipita na treni bila kuitazama dirishani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ya kwanza duniani, ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na Tanga ndiyo ilikuwa mama yake.

Sisemi haya kuusifu mkonge. Ulikatwa na manamba, watu walioletwa kutoka mbali kwa mikataba, wakalala kambini, wakahesabiwa kwa namba ndiyo wakapata jina hilo. Katika usharika wetu wako wazee ambao baba zao walikuja hivyo kutoka Njombe. Walikuwa Wabena, na walikuwa wamebatizwa huko kwao, Walutheri. Walishuka kwenye magari na panga, blanketi na kitabu cha nyimbo. Hakuna aliyewauliza kama hali ya hewa inawafaa. Mzee mmoja aliniambia baba yake alikuwa akiwakusanya wenzake Jumapili chini ya mwembe wa kambi, hana mchungaji, hana mwinjilisti, anayejua kusoma anasoma. Aliugua homa kila masika, akatetemeka, akapona, akarudi kukata. Kambi ilipofungwa, bei ya mkonge ilipoanguka, wengi hawakurudi Njombe. Walihamia mjini, wakajenga vibanda, wakawa sisi.

Kumbe kanisa la nyika halikushuka na Wohlrab wala Johanssen. Lilikuja kwa miguu ya watu wasio na uhamisho. Naandika hivi kwa heshima kwa wamisionari waliombatiza babu yangu. Lakini nilipolijua hilo, ile viza niliyokuwa nikiitania ikanichoma.

Jioni nilimweleza mke wangu. Nilitegemea aniunge mkono kuhusu barua, maana yeye ndiye aliyekesha hospitali usiku tatu. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Akasema, "Na Bibi, yeye atamwandikia nani?"

Nikakaa kimya. Akaongeza kwamba yeye hajasema tusiondoke. Anauliza tu.

Nataka niwe mkweli hapa, kwa sababu vitabu vya ushuhuda vina tabia ya kufika haraka kwenye ushindi. Sikuichana barua usiku ule. Niliomba, na sala yangu ilikuwa zaidi ya ubishi. Nilimkumbusha Mungu kwamba Yusufu alipoambiwa mtoto yuko hatarini alimchukua usiku uleule akakimbilia Misri, wala hakuitwa mwoga. Mzazi akimwondoa mtoto kwenye hatari simhukumu, na msomaji asinisome hivyo. Kisha nilikumbuka kitenzi kimoja cha Yohana ambacho mwalimu wetu wa Kigiriki chuoni alitukesha nacho asubuhi nzima: katika sura ya kwanza, Yohana anaposema Neno alikuja kuishi kati ya watu, anatumia kitenzi cha mtu anayesimamisha hema. Hema haliwi juu ya hali ya hewa. Jua lililowachoma watu wa Nazareti lilimchoma naye, na kama kulikuwa na homa, na Injili zinaitaja homa zaidi ya mara moja, aliingia katika nyumba za wenye homa akawashika mkono. Lakini mwana wa Mungu alikwenda mwenyewe. Mimi ningekuwa naamua juu ya mwili wa mtoto ambaye hajaulizwa. Hapo sala ilikwama, na hadi leo sehemu hiyo haijakwamuka vizuri. Kama mwanangu angekufa nisingekuwa naandika haya, au ningeyaandika kwa namna nyingine kabisa.

Asubuhi nilikwenda kwa Bibi kumshukuru, jambo ambalo kwa aibu nilikuwa sijalifanya ipasavyo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Mtoto ajambo?"

"Hajambo, Bibi, anakimbia."

"Alhamdulillahi." Akanikaribisha kwenye mkeka. "Nasikia mwataka kuondoka."

Nikaeleza. Nilitumia maneno yangu ya barua, afya, hali ya hewa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama wanavyosikiliza wazee wa pwani, ambao hawakukatizi hata ukikosea. Kisha akasema, "Mie nimezika watatu. Wawili kwa homa hiyohiyo. Nchi sikuilaumu, baba, ningeilaumu nikaenda wapi?" Akanyamaza. Akaonyesha kwa kidole upande wa uani kwake, ambapo maji ya mvua yalikuwa yamesimama, masafi, yanang'aa. "Lakini maji haya si ya Mungu tu. Haya yatoka kwenye bati la kanisa lenu. Mchungaji wa kabla yako alikuwa akiufukua mtaro kila mwaka, mwezi wa pili, kaskazi ikikaribia kuisha. Tangu uje wewe haujafukuliwa. Nikasema, mgeni, atajua."

Niliinuka nikaenda kutazama. Mtaro ulikuwepo, nyuma ya jengo, kati ya ukuta wetu na ua wake. Ulikuwa umejaa majani ya mwembe, mchanga na vifuniko vya chupa, na mwisho wake ulikuwa umezibwa kabisa na kifusi cha choo kipya tulichojenga, choo nilichokizindua mimi kwa ibada na picha. Maji yote ya paa, paa kubwa kuliko yote mtaani, yalikuwa yakigonga kifusi kile na kugeukia kwa Bibi. Nikachuchumaa. Chini ya maji yale masafi viluwiluwi vya mbu vilikuwa vimelala sambamba na uso wa maji, kwa mamia. Mbu wa malaria hapendi uchafu. Anapenda maji ya mvua yaliyotulia. Hilo nalo lilikuwa kwenye mabango ya zahanati, nilikuwa nikilisoma kila nikipita.

Nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu kwamba hali ya hewa ya eneo hili hainifai. Sehemu ya hali ya hewa hiyo nilikuwa nimeitengeneza mwenyewe, nikaipeleka kwa jirani.

Jumapili ile niliacha mahubiri niliyoandaa nikawaeleza washarika habari za mtaro, mbele ya wageni, na kwamba kosa ni langu. Wazee wawili hawakufurahi. Walisema mambo ya uani hayasemwi madhabahuni. Pengine walikuwa sahihi. Jumamosi iliyofuata tulikuja watu kumi na tisa na majembe na koleo, mjukuu wa Bibi na marafiki zake wanne wakiwemo. Kifusi kilitutoa jasho kuliko vyote. Bibi alituletea chai ya tangawizi na mihogo ya nazi, akaketi kivulini akituelekeza mteremko ulipo, maana maji ya uwanja ule amekuwa akiyatazama tangu kabla kanisa halijajengwa.

Barua niliichana miezi miwili baadaye, kusi ikiwa imeshika na usiku umeanza kuwa wa kulalika. Mke wangu ndiye aliyeniuliza kama nimeichana; nilikuwa nimeisahau. Kijana amepata malaria mara mbili tangu hapo. Siku hizi akigusika joto jioni tunakwenda jioni hiyohiyo, kikao kiwepo kisiwepo, anapimwa kwa tone la damu, anapewa dawa mseto, na Bibi anakuja asubuhi kuuliza kama ameimaliza kwa masaa yake.

Mtaro una urefu wa hatua arobaini hivi, kutoka kona ya kanisa hadi barabarani. Mwaka jana maji yalipita vizuri masika yote. Mwaka huu umeanza kuziba upande wa chini, karibu na lango la Bibi, ambako lori la mchanga lilipita. Tumekubaliana kuingia Jumamosi, kabla kaskazi haijaisha.